Chanda Chema na Sonara Wake: Uhakiki wa Uhusiano wa Waimbaji na Watengenezaji wa Mapambo

UTANGULIZI

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Methali hii tumeizoea, na mara nyingi tunaitumia tunapomtunza mwimbaji hodari au tunapompongeza mfanyakazi aliyepata tuzo. Lakini tukiichambua barabara tutaona kuwa inawataja wawili na kumwacha wa tatu. Inamtaja mwenye chanda, tena inaitaja pete. Sonara aliyeyeyusha, akafua, akapima na kusugua mpaka pete ikawa pete, hatajwi. Ukimya huo haumo katika methali peke yake. Umo pia katika sanaa zetu za maonyesho, nao ndio tunaokusudia kuujadili hapa.

Tunazungumzia uhusiano kati ya vikundi vya waimbaji na watu wanaovitengenezea mapambo: wahunzi, masonara, wasukaji wa ukindu na washonaji wa ushanga. Mahali tunapopachukua kuwa mfano ni Chanika, yaani mji wa Handeni, pamoja na sehemu za jirani za Handeni na Korogwe. Tumepachagua kwa sababu hapo yamekutana mambo matatu ambayo si rahisi kukutana: ngoma za Wazigua, uimbaji wa wafugaji ambao washonaji wake wa ushanga ndio waimbaji wenyewe, na ardhi yenye dhahabu na vito.

Hoja yetu ni moja. Katika ngoma nyingi za kwetu pambo si nguo ya wimbo. Ni sehemu ya sauti ya wimbo. Kwa hiyo anayelitengeneza ni mtunzi mwenza, na kikundi kinachomhesabu kuwa muuzaji wa bidhaa tu kinamdhulumu mwenzake, na papo hapo kinaipunguza sanaa yake chenyewe.

PAMBO LENYE SAUTI

Wahakiki wengi huliweka pambo katika fungu la mavazi. Wimbo, wanasema, ni maneno na sauti, na pambo ni la macho. Mgawanyo huo unaweza kufaa katika jumba la opera la Ulaya, ambako mkufu wa mwimbaji hautakiwi kutoa hata mlio mmoja. Kwetu haufai.

Tuitazame njuga. Ni kipande cha chuma kilichokunjwa kikaacha uwazi mwembamba, na ndani yake huwekwa kidonge cha chuma au kokoto. Huvaliwa mguuni, kwa hiyo ni pambo. Hulia mguu unapokanyaga, kwa hiyo ni ala. Wagogo huzitumia, Wasukuma huzitumia, na makabila mengine mengi pia. Unene wa chuma, upana wa ule uwazi na uzito wa kidonge ndivyo vinavyoamua kama mlio utakuwa mkali au mzito, mfupi au wa kutetemeka. Nani huamua mambo hayo? Si kiongozi wa wimbo. Ni mhunzi, siku nyingi kabla ya ngoma, akiwa peke yake mbele ya moto. Waimbaji wanapoushika mwendo wa wimbo kwa kufuata miguu ya wachezaji, wanaufuata uamuzi wa mtu ambaye huenda hayupo uwanjani.

Tuitazame pia ngoma ya msewe ya Pemba. Jina lake limetokana na kile kinachofungwa miguuni mwa wachezaji ili kitoe mlio wanapocheza. Hapo pambo limeipa ngoma nzima jina, sawasawa na mtoto anavyobeba jina la babu yake. Anayedai kuwa pambo ni jambo la pembeni na aieleze ngoma hii bila ya kulitaja pambo lake.

Uimbaji wa Wamasai na wa ndugu zao Waparakuyo, ambao watu wengi wamezoea kuwaita Wakwavi, unathibitisha hoja hii zaidi. Waimbaji hao kwa desturi hawana ngoma ya kupigwa. Kiongozi wa wimbo, ambaye kwa lugha yao huitwa olaranyani, hutoa mstari, na wenzake hupokea kwa sauti nzito za kurudiarudia zinazokwenda pamoja na pumzi. Wanawake hutikisa mabega na shingo, na mapambo mapana ya ushanga yaliyo shingoni hupanda na kushuka. Vipande vidogo vya bati na minyororo myembamba iliyoning'inizwa pembeni hugongana. Mlio huo mdogo ndio unaoshika nafasi ya ngoma. Ukaze waya wa pambo kupita kiasi, halitapanda. Uulegeze, litalala kifuani. Punguza bati, mwendo hausikiki. Lizidishe, linafunika sauti za watu. Anayeyajua haya si mshonaji tu. Ni mwanamuziki anayefanya kazi kwa sindano.

NGAZI TATU ZA UHUSIANO

Tukiuchunguza uhusiano huu tutaziona ngazi tatu.

(a) Mwimbaji na mtengenezaji ni mtu mmoja. Mwanamke wa Kimasai hushona pambo lake, hulivaa, huimba nalo, na likimkosesha mwendo hulifumua akalishona upya. Hukumu ya kazi yake huipata papo hapo kutoka katika mwili wake mwenyewe. Hayati Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyejulikana duniani kote na kufariki mwaka 2003, alikuwa hivyo kwa upande wa ala: mikono iliyozitengeneza ndiyo iliyozipiga.

(b) Mtengenezaji ni mtu mwingine, lakini anajulikana. Huyu ni mhunzi wa jirani. Kikundi humwendea, humweleza kinachotakiwa, hurudi na kumlalamikia, naye hurekebisha. Kazi imegawanyika, lakini mazungumzo hayajakatika.

(c) Mtengenezaji hajulikani. Pambo linanunuliwa dukani kwa dazeni, la kipimo kimoja na rangi moja. Hakuna wa kuulizwa, hakuna wa kulalamikiwa, hakuna wa kushukuriwa.

Tusidhani kwamba ngazi ya pili ilikuwa ya haki tupu. Kwa Wamasai, wahunzi waliitwa ilkunono, na walidharauliwa na kutengwa hata katika ndoa, ingawa mikuki na mapambo ya chuma ya jamii nzima yalitoka mikononi mwao. Upareni, jirani tu na Korogwe, ukoo wa Washana uliojulikana kwa uhunzi ulipewa heshima iliyochanganyika na hofu. Yaani kazi ile ile ya moto na nyundo ilimfanya mtu kuwa duni upande huu wa milima na mtukufu upande wa pili. Jambo hili linatufundisha kwamba dharau haitoki katika kazi yenyewe. Inawekwa na watu, na kilichowekwa na watu kinaweza kuondolewa na watu.

USHANGA ULITOKA WAPI?

Kabla ya ushanga wa kioo kuenea, mapambo ya bara yalikuwa ya chuma, mbegu, mifupa, magamba ya konokono na kauri. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Saadani na Pangani ilipita katika nchi ya Uzigua na kandokando yake ikibeba nguo, seng'enge na ushanga. Ushanga huo ulitengenezwa Venice na Bohemia, na mji wa Jablonec katika Jamhuri ya Cheki unatengeneza ushanga wa kioo hadi leo. Misafara iliporudi pwani ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Wafanyabiashara wale hawakuwa huru kuleta ushanga wowote. Kila nchi ilikuwa na rangi yake na ukubwa wake, na mitindo ilibadilika. Aliyebeba rangi isiyotakiwa alikwama na mzigo wake. Ndiyo kusema kwamba hata wakati ule wa unyonyaji mkubwa, wanawake wa bara walikuwa wabunifu walioamua kiwanda cha Ulaya kitengeneze nini. Uamuzi wa uzuri ulikuwa wao. Tanuri, faida na jina la kiwanda vilikuwa vya wengine.

Upande wa pili wa hesabu hiyo tunaujua. Katika njaa ya miaka ya 1830 watu wengi wa Uzigua walichukuliwa utumwani, na baadhi yao wakafikishwa mpaka Bonde la Juba huko Somalia. Vizazi vyao viliendelea kusema Kizigua huko. Vita vya Somalia vilipowatawanya, kundi moja lilirudi na kupewa makazi Chogo, humu humu Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wengi wao wamepata uraia wa Tanzania. Mali yote iliyopita katika njia zile za misafara imekwisha. Kilichorudi ni lugha, na lugha huhifadhiwa kwanza kabisa katika wimbo na katika mazungumzo ya nyumbani. Anayeyaita mambo ya wimbo na pambo kuwa ni mchezo wa jioni na aende Chogo akafikiri tena.

MAKOSA MAWILI YA KUEPUKA

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa nchi walijua kucheza dansi za Ulaya kuliko kucheza gombe sugu au mangala. Mwelekeo ulikuwa wazi. Hata hivyo, katika utekelezaji yametokea makosa mawili yanayopingana, na yote mawili yanamhusu mtengenezaji wa mapambo.

Kosa la kwanza ni la kuvua. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Mkoa wa Arusha, uliendeshwa mkakati wa kuwalazimisha Wamasai waache mavazi yao na kuvaa suruali na magauni. Uliitwa maendeleo. Lakini maendeleo ya mtu hayaanzi kwa kumvua. Waliofikiri kwamba wanaondoa uchafu na unyonge hawakutambua kwamba wanawanyang'anya waimbaji ala yao, na kwamba wanaivunja kazi ya mikono ya wanawake ambayo hakuna kiwanda cha nguo kilichokuwa tayari kuifidia.

Kosa la pili ni la kuvisha. Hili limekuja baadaye, pamoja na hoteli na jukwaa la wageni. Sasa pambo linatakiwa, tena kwa wingi, lakini linatakiwa linyamaze. Linashonwa liingie katika sanduku la msafiri, lipendeze katika picha, na lifanane na la jirani yake. Wanakikundi huvalishwa kama bidhaa katika dirisha la duka. Wabunifu kutoka Ulaya wamefanya kazi na vikundi vya akina mama wa Kimasai kaskazini mwa nchi yetu, na hatukatai kuwa kazi hizo zimeleta fedha. Lakini mara nyingi pambo lililozaliwa hivyo halijawahi kusikia wimbo. Aliyelishona ni fundi, aliyelichora ni mbunifu, na jina linaloandikwa kwenye kadi ni la nani? Msomaji ajibu mwenyewe.

Pwani nako kuna fundisho lake. Mombasa, katika karne iliyopita, vyama vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa sare, karamu na fahari mpaka gharama zikawaelemea wanachama. Umoja wa vyama hivyo uliwapa wanawake sauti mjini, na hilo ni jambo kubwa. Lakini pambo linapokuwa kipimo cha mfuko, mwimbaji maskini hunyamazishwa na shingo yake tupu kabla hajafungua kinywa.

HALI YA CHANIKA

Mtu anayeingia Chanika kutoka Korogwe au kutoka Mkata anakuta mji wa Wazigua wenye majirani wengi. Wazigua wana selo na ukala, ngoma zinazojulikana nje ya mkoa wa Tanga. Waparakuyo wamo katika wilaya hii tangu zamani. Na tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Juu ya uhamisho huo pamekuwa na mabishano makubwa ndani na nje ya nchi, nayo yanastahili mjadala wake. Hapa tunauliza swali moja la sanaa ambalo halijaulizwa vya kutosha. Mshonaji wa ushanga aliyezoea njia ya watalii waendao kreta, akiwa Msomera atamshonea nani?

Jibu la haraka ni kwamba atafutiwe soko la mbali. Sisi tunasema lipo jibu la karibu zaidi. Atashona kwanza kwa ajili ya waimbaji, wa kwake na wa majirani zake. Hatusemi kwamba Mzigua avae pambo la Kimasai, au kinyume chake. Huo ungekuwa mchezo wa maonyesho ya sherehe, ambako kila kabila huvalishwa lolote lililopo. Tunasema kwamba ujuzi wa mshonaji wa kujua pambo lisikike vipi unaweza kukutana na ujuzi wa kiongozi wa selo wa kujua wimbo utembee vipi, kikatoka kitu ambacho hakipo dukani. Wafugaji na wakulima wa wilaya hii wamegombana mara nyingi juu ya malisho na mashamba. Kazi ya pamoja haitamaliza ugomvi wa ardhi, ila watu waliokaa pamoja kusikiliza mlio wa bati moja hugombana kwa adabu zaidi.

Tena litazameni suala la malighafi. Magambazi, humu Handeni, pana dhahabu. Kalalani, wilayani Korogwe, na bonde la Umba lililo karibu nayo, panajulikana kwa yakuti na ganeti tangu miaka ya 1960. Vito hivyo kwa miaka mingi vimesafiri vikiwa ghafi, vikakatwa na kuvalishwa nchi za nje. Wakati huo huo shingo za waimbaji wetu zimevikwa kioo cha Bohemia, na siku hizi kioo cha China. Hatusemi kwamba ushanga wa kioo utupwe. Umekaa kwetu zaidi ya miaka mia moja, nao ni wetu kwa haki ya matumizi. Wala hatutaki kila mwimbaji avae yakuti, kwani tumekwisha kuonya juu ya pambo la mfuko. Tunasema kwamba Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania kinachofundisha ukataji wa vito, na kwamba chembe ndogo za ganeti zisizo na bei kubwa zingeweza kupata kazi mikononi mwa masonara wa hapa. Nchi inayouza jiwe na kununua shanga haijamaliza kujikomboa, hata kama inaimba vizuri.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo watakaosema: Watu huja kusikiliza sauti, hawaji kuangalia njuga. Tunawajibu kwa jaribio rahisi. Wavueni wachezaji njuga zao, kisha mwimbishe wimbo ule ule. Mtausikia upungufu kabla ya kuuona.

Wapo watakaosema: Mhunzi amekwisha lipwa alipouza njuga, anadai nini tena? Hoja hii inafaa kwa muuza misumari. Seremala anayepiga msumari haulizi maoni ya aliyeufua. Lakini kikundi kinapotumia mlio uliobuniwa na mtu, katika kila onyesho, mwaka baada ya mwaka, kinatumia ubunifu, wala si chuma tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua haki ya mwonyeshaji, na inazitambua pia kazi za sanaa za mikono. Sheria ipo, kinachokosekana ni mazoea ya kuitumia baina yetu wenyewe.

Na wapo watakaosema: Haya ni mambo madogo; wananchi wanataka maji na barabara. Maji na barabara ni haki yao. Lakini dhuluma ndogo inayofanywa na wanyonge juu ya wanyonge wenzao ndiyo shule ya dhuluma kubwa. Kikundi kinacholalamika kwamba redio inapiga nyimbo zake bila ya malipo, huku chenyewe hakimjui kwa jina aliyefua njuga zake, kinalia kwa jicho moja.

WAJIBU WETU

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa vikundi vya Chanika na vya kwingineko, na kwa maofisa utamaduni wanaovilea.

Kwanza, mtengenezaji aitwe mazoezini. Pambo lijaribiwe kwa sikio, katika mwendo na mbele ya waimbaji wote, kabla ya kukubaliwa kwa jicho.

Pili, atajwe. Kiongozi anapowatambulisha waimbaji na wapiga ngoma, amtambulishe na aliyefua na aliyeshona. Jina halina gharama.

Tatu, apewe fungu. Tuseme kikundi kina watu 12 na kimealikwa kwenye sherehe. Malipo hugawanywa mafungu 12, na pengine fungu moja la mfuko wa kikundi. Na liwepo fungu la mtengenezaji, hata kama ni dogo, kwa kadiri pambo lake linavyotumika. Makubaliano hayo yaandikwe, na kikundi kinaposajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa, jina lake liwe miongoni mwa wanakikundi.

Nne, afundishe. Mhunzi mzee akifa bila ya mwanafunzi, njuga zitapatikana dukani, lakini hapatakuwa na mtu wa kuzirekebisha. Vijana wanaojifunza uchomeleaji mjini wakae naye siku chache. Chuma chakavu kipo tele. Sikio la kuchagua mlio ndilo adimu.

HITIMISHO

Ushirikiano wa kweli katika sanaa haupimwi kwa picha ambayo mwimbaji na mbunifu wamesimama pamoja wakitabasamu. Hupimwa kwa maswali matatu: Nani aliamua? Nani alitajwa? Nani alilipwa? Kikundi kinachoweza kuyajibu maswali hayo mbele ya wanachama wake wote, mtengenezaji akiwa amekaa hapo hapo, kimepiga hatua. Kisichoweza, kiahirishe sherehe inayofuata, kiitishe mkutano, na ajenda yake ya kwanza iwe ni njuga.